Effie Anapiga Rivasi

Wendell alikuwa hajazoea kiti cha abiria. Miaka yote ile hakujua hata kwamba kiti chenyewe kinalia. Kumbe kinalia. Kila kokoto likigonga chini, nyii, nyii, kama mtoto wa mbwa aliyefungiwa nje, na mkewe Effie alikuwa amekivumilia kilio hicho kila kiangazi walichopanda kaskazini, bila kusema lolote. Mwaka huu zamu iligeuka. Effie ndiye aliyeshika usukani wa gari-nyumba lao, lile dubwana refu lenye vitanda, jiko na choo, na Wendell ndiye aliyekaa upande wa kulia, mkono wake wa kushoto umelala pajani kama samaki wa jana.

"Shimo," alisema.

"Nimeliona."

"Jingine hilo."

"Wendell, kiharusi kilikupiga wewe. Mimi macho yangu yako palepale."

Kilimpiga Januari, akizoa theluji mlangoni kwao mjini Whitehorse. Tangu alipoacha shule akiwa mvulana alikuwa dereva, kwanza wa malori ya magogo, kisha ya kokoto, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu mwingine angemwendesha, mbali na yule atakayempeleka makaburini. Miguu ilirudi, ingawa wa kushoto ulihitaji fimbo. Mdomo ulirudi wote, na riba. Mkono haukurudi. Daktari akamwambia kuhusu kuendesha asahau kwanza, na Wendell akajua kwamba hilo "kwanza" limewekwa pale kwa huruma tu.

Basi ikabaki safari ya Dempster. Kila mwaka walipanda barabara hiyo ya kokoto, milima baada ya milima, mpaka kwenye mto Peel, ambako mama yake Effie hukaa kiangazi chote kwenye kambi ya samaki, akipasua samaki na kuwakausha kama Wagwich'in wenzake wote, wenyeji wa huko. Mtoto wao Kerry aliposikia kwamba mwaka huu mama yake ndiye dereva alishika kichwa. "Mama hajawahi kuendesha hilo zimwi hata kwenda dukani! Pandeni ndege."

Effie akamjibu kwamba atajaribu, na mbele ya mumewe akaweka sharti. Akiona hawezi, atageuza popote pale watakapokuwa, na gari Kerry atalichukua awapatie wanaolitaka. Wendell alitikisa kichwa kukubali kama mtu asiyejali. Moyoni alijua maana yake. Gari likiondoka, na yeye ndiyo basi. Atabaki dirishani Whitehorse akitazama watu na magari yao wakienda zao.

Kwenda mbele, Effie hakuwa na tatizo. Alikaa juu pale kama anaendesha jiko la shule anakopika, mgongo wima, akiinua kidole kimoja juu ya usukani kwa kila lori walilopishana nalo, kama ilivyo desturi ya barabara hiyo. Tatizo lilikuwa nyuma.

"Mbele nitaenda hata mpaka baharini," alisema tangu siku ya kwanza. "Lakini rivasi usiniambie."

Kwa hiyo walikuwa wakilala kwenye machimbo ya kokoto, penye uwanja mpana, unaingia na unazunguka na kutoka kama mcheza ngoma. Wendell alikuwa akinung'unika kwamba pananuka dizeli. Effie alimwambia ashukuru kwamba pananuka kitu, maana nasibu ingegeuka kidogo tu asingekuwa na pua.

Chini ya milima ya Ogilvie mvua ikawaharibia mpango. Ilinyesha mchana kutwa, na machimbo ya kokoto yakageuka uji. Jioni wakaingia kwenye kambi iliyo kando ya mto, na kambi ilikuwa imejaa. Ilibaki nafasi moja, kichochoro kilichokatwa katikati ya misonobari, na hapo hapana ujanja: unaingia kinyumenyume au huingii.

Effie alizima redio. Alilitazama lile pengo kwenye kioo cha pembeni, kisha akamtazama mumewe.

"Utaniongoza?"

"Nani mwingine?"

"Nauliza tu. Maana siku zote mwongozaji nilikuwa mimi."

Hilo kweli. Kila jioni ya miaka yote ile Effie ndiye aliyeshuka, akasimama nyuma kwenye matope, akamwonyesha kwa mikono. Mkono wa kulia, kulia. Mkono wa kushoto, kushoto. Viganja vikijipungia kifuani, njoo. Ngumi juu, simama. Wanaojua maisha ya magari-nyumba watakwambia kwamba ndoa nyingi zimefia pale nyuma ya gari, lakini yao haikufa, kwa kuwa Effie alikuwa na mikono inayosomeka kama mabango.

Wendell alishuka na fimbo yake. Mvua ilikuwa imekatika na jua la kaskazini, ambalo wakati huo wa mwaka halijui kwenda kulala, lilikuwa limetoka na mbu wake wote. Wale wa Ogilvie hawana adabu. Hawasubiri usimame. Alijipanga nyuma pembeni, mahali ambapo Effie angemwona kwenye kioo, akaegemeza fimbo pajani, akainua mkono wake mmoja.

Njoo. Gari likaja. Njoo. Likaja vizuri. Effie alikuwa akienda polepole kama anayemwingiza mtoto kwenye maji, na Wendell alianza kufikiri kwamba hakuna neno, mambo yataenda. Mkia ulikuwa umeanza kwenda pembeni kidogo. Akainua ngumi: simama.

Gari likasimama. Na ngumi ikiwa juu vile, mbu kama mia wakamwingia usoni, puani, machoni, mdomoni. Mtu mwenye mikono miwili angefukuza kwa mmoja na kuendelea kushika ngumi kwa mwingine. Wendell alishusha ngumi akajipiga usoni, akapunga, akapunga tena, kwa nguvu, kiganja kikija kifuani.

Effie aliona kwenye kioo: njoo, njoo, njoo haraka. Mke mtiifu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakanyaga mafuta.

Msonobari ukapasua taa ya nyuma na kukunja ngazi ya kupandia juu ya paa. Gurudumu la nyuma la kulia likatoka kwenye kokoto, likazama mtaroni, na gari lote likainama. Ndani vyombo vikaporomoka, sufuria baada ya sufuria, na kikombe kimoja kikachelewa, kikavunjika peke yake mwishoni.

"SIMAMA!" alipiga kelele Wendell, jambo ambalo sasa halikuwa na faida kwa yeyote.

Effie alizima injini. Alishuka, akazunguka, akatazama. Hakulia wala hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha Wendell.

"Ulinipungia nije," alisema.

"Niliweka ngumi juu!"

"Ulinipungia. Nilikuona."

"Ngumi, Effie. Ngumi ni simama. Ulinifundisha mwenyewe."

Effie aliutazama ule mti, akapangusa gome lake kwa kiganja pale lilipochubuka, kama anayeuomba radhi. "Labda nilichanganya," alisema. "Kioo kina matope. Labda sikuona vizuri." Halafu akasema, taratibu sana, "Basi, mzee. Tumejaribu. Tukilitoa hapa kesho, tunarudi nyumbani."

Akaingia ndani kuokota vyombo.

Wendell alibaki nje na mbu wake. Sasa alikuwa ameelewa. Alikuwa ameelewa tangu ngazi ilipolia, kabla hata ya kupiga kelele. Alijua kiganja chake kilifanya nini. Na alijua pia kwamba Effie ameshajibebesha kosa, amelifunga na kamba, tayari kurudi nalo Whitehorse. Akinyamaza, yeye atabaki mwongozaji mzuri aliyepewa dereva mbovu. Akisema, itajulikana kwamba hata kusimama nyuma ya gari, kazi ya mtoto, imemshinda kwa sababu ya mdudu. Hayo mawili aliyageuza na kuyapindua. Akinyamaza, safari imekufa. Akisema, huenda ikafa vilevile, na yeye akafa nayo. Ni aibu kusimulia ni muda gani mtu mzima alisimama akipima mizani hiyo, wakati mkewe yuko ndani amepiga magoti akiokota vigae.

Mwishowe aliingia. Effie alikuwa amechemsha chai, nyeusi kama lami, na sakafu imeinama kiasi kwamba ilibidi kikombe kishikwe.

"Nilikuwa nafukuza mbu," alisema.

"Nini?"

"Mbu. Niliweka ngumi, wakaniingia machoni, nikawafukuza. Sina mkono mwingine. Ukaona nakuita." "Hukukosea kitu. Uliendesha kama nilivyokwambia."

Effie alimtazama. Akaweka kikombe chini, kikaanza kuteleza, akakidaka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Wendell akadhani sasa analia, mpaka sauti ilipotoka. Alicheka akashika meza. Alicheka mpaka ikambidi akae kitandani.

"Mbu!" alisema. "Mimi nimeona yule mwanaume anapunga hivyo, nikasema, leo Wendell ameniamini kweli, anataka niingie mbio!" Akafuta machozi. Kisha kicheko kikaisha ghafla na macho yake yakawa makali. "Na uliniacha hapo nje niseme kwamba nimechanganya."

"Nilikuacha."

"Nikaokota vyombo vyote peke yangu."

"Ndiyo."

"Mshenzi wewe."

"Ndiyo."

Walikunywa chai. Nje mto ulikuwa unapiga kelele, umejaa mvua ya mchana. Effie alikuwa akimtazama mumewe, ule mkono uliolala, ule mzima ulioshika kikombe, kisha akamtazama usoni, na akakaza macho hapo kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha.

"Baba alikuwa na mbwa kumi na mmoja wa kuvuta sleji yake," alisema.

"Najua. Umenisimulia."

"Nyamaza. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika sleji, maana ukiachia kwenye theluji mbwa wanakuacha unakufa. Hakupungia mbwa hata siku moja. Na mbwa wako mbele, hawamwoni, wamempa mgongo. Unadhani aliwaongozaje?"

"Kwa kelele."

"Kwa mdomo. Jii, wanaenda kulia. Haa, kushoto. Woo, wanasimama. Mbwa wa mbele alikuwa anaitwa Sukari, jike, alisikia neno moja tu la baba akageuza kumi wengine." Akainama mbele. "Na wewe, Wendell, una kiungo kimoja ambacho kiharusi kilikiogopa kabisa."

Wendell alifikiri kidogo. "Unataka nikuite kama mbwa."

"Kama mbwa wa mbele. Usinishushe cheo."

"Kulia kwa nani? Kwangu au kwako?"

"Kwangu mimi niliyekaa. Mbwa hajali bwana amesimama wapi."

Asubuhi walilitoa gari mtaroni. Wendell alisema, Effie akafanya. Alimwelekeza mahali pa kuweka jeki, chini ya chuma kipi na si kipi, na Effie akalala kwenye matope akapiga jeki, akapanga magogo ya kuni ya kambi chini ya gurudumu, akapigilia mengine kwa kisogo cha shoka. Akipumzika, Wendell alimfukuzia mbu kwa kofia, kazi aliyoistahili. Gari likatoka kwa kwenda mbele, taratibu, likilia, na magogo yakaruka nyuma kama vyura.

"Kwa hiyo?" aliuliza Wendell walipofika barabarani. Kushoto ilikuwa kurudi, kulia ilikuwa kwenda.

"Kwa hiyo nini? Nimetoka kwa kwenda mbele. Hilo nilikuwa naliweza tangu zamani." Akageuza kulia. "Sijaamua. Siku nitakapopiga rivasi bila kugonga kitu cha Mungu, ndipo nitakapokwambia."

Kwenye kituo cha Eagle Plains walijaza mafuta, na Wendell akasubiri kusikia. Effie alifunga tangi, akala mkate wa kukaanga na nyama ya kulungu wa kaskazini iliyobaki, akapanda. Hakutaja lolote. Kuvuka mstari wa Aktiki vilevile kimya. Njia nzima ilikuwa mbele tu, na Wendell, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa anaombea kikwazo.

Alikipata kwenye milima ya Richardson, pale barabara inapopanda hadi kwenye upenyo wa juu kabisa. Huko upepo hauji kwa vipindi, unakaa. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kokoto za barabara, na upepo unalisukuma bila kulimaliza. Effie aliendesha huku pua yake ikikaribia kioo, mpaka aliposema, "Sioni barabara tena," akaingiza gari kwenye uwanja mdogo wa kokoto pembeni, akasimama.

Gari likaanza kuyumba. Lilikuwa limekaa ubavu kwa upepo. Kabati likafunguka lenyewe, na nje kitu fulani cha paani kikaanza kupiga, pa, pa, pa.

"Likikaa hivi litalazwa," alisema Wendell. "Nilishaona lori limelazwa hapa, na lilikuwa na mzigo. Lazima pua itazame upepo."

"Nizunguke."

"Nafasi ya kuzunguka hakuna. Mbele kuna mteremko."

Effie hakuhitaji kuambiwa lililobaki. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa gari limesimama.

"Na nyuma kuna nini?"

"Nitakwambia," alisema Wendell, akachukua fimbo yake.

Alikuwa na hakika kwamba Effie atashuka kumsaidia ngazini, kama alivyofanya tangu Januari. Hakushuka. Alikaa, akamwacha apambane na mlango na upepo, na Wendell akamshukuru kwa hilo kuliko kwa supu zote za hospitali.

Nyuma hapakuwa na mti. Kulikuwa na mawe ya ukubwa wa kondoo, na baada ya mawe palikuwa peupe, wingu tu, na sauti ya upepo ukianguka chini sana. Alisimama kando ya mawe. Kutoka pale taa za gari zilikuwa madoa mawili, moja kwa kweli, maana nyingine ilibaki Ogilvie.

"Sikuoni!" Effie alikuwa amefungua dirisha. Sauti yake iliruka ikapita. "Wendell! Kwenye kioo sikuoni!"

"Si lazima unione!"

"Nini?"

Upepo ulikuwa unayachukua maneno ya Wendell na kuyatupa bondeni, kabla hayajamfikia Effie. Akasogea karibu, kuliko alivyotaka, kuliko ambavyo angemruhusu mtu yeyote asogee katika miaka yake yote ya malori. Akajaza kifua. "NJOO!"

Gari likatetemeka. Likaja, kidogo. Likasita.

"Njoo, njoo! Jii! Jii, mama, jii!"

Mkia ukaanza kugeuka kulia kwa Effie. Aliona, na akasikia koo lake likichanika, lakini hakuacha, kwa kuwa alielewa kwamba akinyamaza hata kwa pumzi moja, yule mwanamke hatakuwa na kitu chochote cha kufuata huku nyuma. Alisema jii. Alisema vizuri hivyo. Alisema haa kidogo, kidogo tu, si mbio, nani amekufundisha kukimbia? Alipoishiwa na maneno ya mbwa alisema maneno yoyote, alihesabu samaki, alimtaja Sukari, alisema leo mawe yako kimya na mimi ndiye ninayepiga kelele. Na gari likaja kinyumenyume likimfuata, tani zote zile, na aliyelileta hakuwa akiona hata mkono wa mtu.

"Haa. Haa. Nyoosha. Njoo. WOO!"

Likasimama palepale. Nafasi iliyobaki kati ya gari na kifua cha Wendell ilitosha fimbo tu. Upepo sasa ulikuwa unapasuka kwenye pua na kupita pande zote mbili, na gari halikuyumba tena. Wendell aliweka kiganja chake kwenye bati baridi lililolowa. Alitaka kusema, vizuri sana. Haikutoka.

Injini ikazimwa. Mlango ukabamizwa.

"Wendell?"

Alijaribu tena.

"Wendell! Uko wapi?" Sauti ilikuwa na hofu, inakuja kando ya gari, viatu vikikanyaga kokoto upesi upesi. "We mzee! Nimekugonga?"

"Nipo," alisema. "Nipo hapa nyuma."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Kila siku unaniambia ninyamaze."

"Leo nimekwambia? Endelea kusema, sikuoni."

Basi Wendell akasema. Alisema tairi la kulia linataka hewa. Alisema upepo utalala alfajiri, ndipo watashuka mpaka kwenye pantoni.

"Na tukishavuka mto, shati hilo uvue," ilisema sauti ya Effie kutoka weupeni, karibu zaidi. "Siwezi kukufikisha kwa mama na matope ya Ogilvie."

"Kwa hiyo tunavuka."

"Ulidhani nimeligeuza lote hili kwa ajili ya mandhari? Sema, sema, nakuja."

Alisema kuhusu shati. Alisema kuhusu mama mkwe, kwamba atamcheka hata akivaa suti. Alikuwa bado anasema Effie alipotokea kwenye wingu, nywele zimemlala usoni, akamfikia na kumshika mkono, ule mbovu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.